Kufunga kabati refu la vitabu ukutani lisimwangukie mtoto

Kabati la vitabu la urefu wa sentimita 180 na kina cha sentimita 30 huonekana limetulia kabisa, hasa likishajaa. Kumbe hizo sentimita 30 za chini ndizo pekee zinazolizuia kuja mbele. Tuseme kabati na vitabu vyake vina kilo 50. Uzito huo umekaa katikati ya kina, yaani sentimita 15 tu nyuma ya ukingo wa mbele. Mtu akishika rafu iliyo kimo cha sentimita 120 na kuivuta, nguvu ya kilo 6 na ushee inatosha kuinua miguu ya nyuma. Mtoto wa miaka minne anayo nguvu hiyo.

Kabati lenye vitu vichache ni hatari zaidi, ingawa wengi huamini kinyume chake. Likiwa na kilo 25, mtoto wa kilo 15 aliyekanyaga rafu ya pili na kushika ya nne, mwili wake ukining'inia robo mita mbele ya kabati, amekwisha lifikisha pale linapoanza kwenda. Hajavuta chochote. Amepanda tu, akifuata rimoti au pipi iliyowekwa juu "asiifikie".

Sasa tazama hesabu hiyohiyo kwa upande wa pili. Ukilishika lile kabati la kilo 50 kwa juu kabisa, kwenye sentimita 180, inahitajika nguvu ya kilo 4 hivi kukabiliana na ule mvuto uliotaka kuliangusha. Zidisha mara kadhaa kwa ajili ya mtoto anayeruka na kutikisa, bado ni mzigo ambao skrubu moja nzuri inaubeba. Basi kwa nini makabati yaliyofungwa nayo huanguka? Kwa sababu skrubu ya upande mmoja ilishika lipu, si tofali, na ya upande wa pili ikashika hadibodi ya mgongo, si mbao. Karibu kila kitu kitakachofuata hapa kinahusu jambo hilo moja: chuma kishike kitu kigumu huku na huku.

Marekani walilazimika kulitungia sheria suala la makabati ya droo za nguo. Mwaka 2016 kampuni ya samani ya IKEA iliita virudishwe vipande takriban milioni 29 vya makabati hayo baada ya watoto kuangukiwa na kufa, na sheria iitwayo STURDY ilisainiwa Desemba 2022. Tangu Septemba 2023 kabati jipya la droo huko lazima lisimame bila kuanguka likijaribiwa kwa uzito wa pauni 60, kama kilo 27, kuiga mtoto. Hayo ni ya droo za nguo. Kabati la vitabu halimo. Na kabati ulilochongewa Keko, Dar es Salaam, au ulilonunua kando ya Ngong Road, Nairobi, halikujaribiwa na mtu, wala halikuja na kifuko cha skrubu. Kazi hiyo ni yako.

Kwanza, ujue ukuta wako

Usiende dukani kabla ya kujua utatoboa nini. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kisha angalia sehemu isiyopigwa lipu: nyuma ya nyumba, ndani ya dari, kwenye stoo.

Ukuta wa tofali za saruji ndio wa kawaida mijini Tanzania, na ukuta wa mawe ya kuchonga ni kawaida Nairobi na viunga vyake. Zote mbili zinashika vizuri ukivuka lipu. Tofauti ni kwamba tofali za saruji hutegemea aliyezifyatua: kuna zinazolia kama chuma na kuna zinazobomoka kama biskuti kwa sababu mfuko mmoja wa saruji ulinyooshwa mno. Tofali za kuchoma nazo ni nzuri, ila zina nyufa za ndani, kwa hiyo toboa polepole.

Nyumba kongwe za mwambao, Mji Mkongwe, Lamu au Mombasa ya zamani, kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ni nene lakini laini, na chokaa hupukutika. Hapo tumia skrubu ndefu zaidi na plagi ndefu zaidi, sentimita 8 hadi 10. Kama nyumba iko katika eneo la hifadhi, uliza kabla ya kugusa ukuta.

Ukuta wa miti na udongo haushiki skrubu hata kidogo. Nguzo ndizo zinazoshika. Tafuta nguzo mbili, pigilia ubao wa inchi 2 kwa 2 kuzivuka kwa mlalo, kwa skrubu na si misumari, kisha funga kabati kwenye ubao huo. Ukuta wa mabanzi ni vivyo hivyo.

Kuta za jipsamu, zinazogawa vyumba katika maghorofa mapya na maofisi yaliyogeuzwa makazi, ndizo zinazodanganya watu. Ukigonga husikika tupu. Ubao wenyewe ni milimita 12 hivi za unga uliobanwa kati ya karatasi, na skrubu iliyoshika ubao peke yake itatoka na kipande cha ukuta. Nyuma yake kuna fremu ya chuma au mbao, kwa kawaida kila baada ya sentimita 40 au 60. Chukua sumaku ndogo, hata ya spika mbovu, uitembeze ukutani taratibu. Itanasa kwenye vichwa vya skrubu zilizofungia ubao. Ukipata tatu zimepangana wima, hapo ndipo fremu ilipo. Funga hapo. Kama fremu haiko pale kabati lilipo, lihamishe kabati, usimhamishe mtoto kwenye hatari.

Vifaa

Vyuma viwili vya pembe, ambavyo mafundi wengi huviita engo, vyenye mikono ya sentimita 5 hadi 8 na unene wa milimita 2 au zaidi. Chagua vyenye angalau tundu moja refu lililochongwa kama yai. Litakuokoa mashimo yakikosana kidogo. Engo nyembamba unazoweza kuzikunja kwa vidole ziache dukani.

Plagi za ukutani za milimita 8 (ukiomba rolplagi utaeleweka), skrubu za unene wa milimita 5 na urefu wa milimita 70, na biti (ncha ya drili) ya zege ya milimita 8. Urefu wa milimita 70 hesabu yake ni hii: engo milimita 2, lipu milimita 20, plagi milimita 40, na kidogo kinachopita mbele ya plagi ili iifungue hadi mwisho. Watu hununua skrubu za milimita 40 kwa sababu ndizo zinazojaa kwenye vikopo vya dukani, na nusu yake yote inaishia kwenye lipu.

Kwa kabati: bolti za milimita 6 na nati zake na wosha pana, au skrubu fupi za mbao, kutegemea kabati limetengenezwa kwa nini. Nitalieleza hilo hapa chini.

Halafu drili yenye mpigo, bisibisi, futi ya kupimia, penseli, pimamaji, utepe wa karatasi au wa umeme, na miwani ya kukinga macho. Drili inaweza kuazimwa kwa fundi yeyote wa umeme au wa madirisha ya alumini mtaani. Kama unaishi karibu na bahari, Tanga, Unguja, Mombasa, lipa zaidi upate skrubu za chuma kisichoshika kutu au zilizopakwa zinki. Chumvi ya hewani hula skrubu ya kawaida kimyakimya, na kichwa kinabaki kinang'aa huku shina limeisha.

Vile vifungo vya mkanda wa plastiki vinavyokuja ndani ya maboksi ya fanicha kutoka nje ya nchi, vitupe. Mwaka 2023 zaidi ya milioni 10 kati yake ziliitwa zirudishwe Marekani kwa sababu plastiki ilikuwa ikikauka na kukatika. Katika joto letu sioni kwa nini zingefanya vizuri zaidi.

Kulisimamisha kabati kabla ya kulifunga

Toa vitabu vyote. Najua inachosha, lakini kabati lililojaa halisogezeki vizuri, na utahitaji kulisogeza mara mbili.

Weka pimamaji ubavuni. Sakafu nyingi, hasa za chumba cha mbele, zina mteremko kidogo kuelekea mlangoni ili maji ya kupigia deki yatoke, na fundi anaweka kabati mgongo ukiwa upande wa juu, hivyo linainamia chumbani. Ingiza kabari nyembamba za mbao ngumu chini ya ukingo wa mbele hadi kabati liwe wima kabisa au liegemee ukutani nywele moja. Karatasi zilizokunjwa hazifai. Zinabonyea na kulowa wakati wa deki. Zulia zito nalo likunje pembeni, kabati lisimame kwenye sakafu yenyewe.

Tatizo la pili ni sketingi. Ile mistari ya vigae au mbao chini ya ukuta hulisukuma kabati mbele kwa sentimita moja hadi mbili, kwa hiyo juu kunabaki nafasi. Usiivute engo izibe nafasi hiyo, itakunja na kulegea. Chonga kipande cha mbao chenye unene sawasawa na nafasi, kiweke kati ya kabati na ukuta pale engo itakapokaa, na skrubu ya ukutani ipite ndani yake. Hapo ongeza unene huo kwenye urefu wa skrubu. Seremala mwenye msumeno anaweza pia kukata pembe za chini za nyuma ili kabati lipande juu ya sketingi, na hiyo ni kazi safi zaidi.

Kufunga upande wa kabati

Hapa ndipo fundi mwenye haraka hukosea. Mgongo wa kabati nyingi ni hadibodi ya milimita 3 iliyopigiliwa misumari midogo. Ukifunga engo juu yake, siku ya kuvutwa misumari itang'oka, kabati litaanguka, na hadibodi itabaki ukutani. Mwambie mapema: "Fundi, naomba usishike mgongo. Shika mbao ya juu." Akikujibu, "Mama, hii haiendi popote," mwombe alivute kabati mwenyewe baada ya kumaliza, tena kwa nguvu zote.

Mkono mmoja wa engo ulale juu ya paa la kabati, mwingine usimame ukutani ukielekea juu. Engo hazionekani kwa mtu aliyesimama chini, na zinafungwa mahali ambapo nguvu inayohitajika ni ndogo kuliko popote. Weka moja karibu na kila ubavu, sentimita 5 hadi 10 kutoka pembeni. Katikati ya paa ubao hupinda.

Kabla ya kufunga, shika ubao wa paa kwa mikono miwili uusukume juu. Ukicheza, basi uligundishwa tu kwa gundi na misumari, na kuufunga ukutani ni sawa na kufunga mfuniko. Katika hali hiyo funga engo kwenye mbavu zenyewe, kwa ndani, chini kidogo ya paa: mkono mmoja kwenye ubavu, mwingine upitie hadibodi hadi ukutani.

Kabati la mbao halisi, mninga, mvule au hata paini, linashika skrubu vizuri. Toboa tundu la kuongoza jembamba kuliko skrubu, la sivyo mninga mkavu utapasuka. Kabati la MDF au la vumbi la mbao lililobanwa ni habari nyingine: skrubu huingia kwa urahisi na kutoka kwa urahisi zaidi, na ukiikaza mara ya pili tundu limeshasagika. Hapo toboa moja kwa moja hadi chini na upitishe bolti, wosha pana juu na chini, nati ikazwe kutoka ndani ya rafu ya juu kabisa. Inaonekana kidogo ukifungua mlango wa kabati, na nani hufungua mlango kutazama nati.

Kutoboa ukuta

Mtoto asiwepo chumbani, si kwa kelele tu bali kwa drili na skrubu zitakazozagaa.

Kabati likiwa mahali pake na engo zimeshafungwa juu, weka alama ya penseli ndani ya matundu ya ukutani. Kisha lisogeze kabati pembeni. Angalia alama zako zimekaaje na soketi na swichi. Nyaya zilizozikwa ukutani kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwenye soketi, au hutembea mlalo katika usawa wake. Usitoboe wima juu ya swichi wala soketi, acha angalau sentimita 15 kila upande. Ukuta wa nyuma yake ukiwa wa bafu au jiko, hesabu pia mabomba.

Zungushia biti utepe kwenye milimita 70 kutoka nchani ili ujue kina. Bandika bahasha iliyofunguliwa mdomo chini kidogo ya alama; itapokea vumbi lote na ukuta hautachafuka. Anza bila mpigo hadi uvuke lipu, ndipo uwashe mpigo. Ukianza na mpigo, lipu ya juu itamenyuka kipande cha ukubwa wa sahani.

Sasa soma vumbi. Kwanza hutoka jeupe laini, hiyo ni skimu (upako mwembamba juu ya lipu) na rangi. Halafu la kijivu, lipu. Ukuta wa tofali za kuchoma utageuka mwekundu, na hapo umefika. Wa matumbawe utabaki mweupe wa chokaa, wenye chembechembe. Tofali za saruji zina rangi moja na lipu, kwa hiyo sikiliza na kusikilizia mkono: drili hupungua kasi, sauti inakuwa nzito, unalazimika kusukuma. Ikizama ghafla kama imepotea, umeingia kwenye kiungo kati ya tofali mbili kilichokosa udongo, au kwenye tofali lenye matundu. Usilazimishe. Sogea sentimita 5 utoboe upya. Engo yenye tundu zaidi ya moja inasaidia hapa. Kama ukuta wote ni wa tofali zenye matundu, rudi dukani uombe plagi zinazofumuka nyuma.

Toa vumbi ndani ya tundu kabla ya plagi. Mrija wa soda unatosha: fumba macho, puliza. Plagi iliyokaa juu ya vumbi huzunguka na skrubu. Igonge plagi kwa nyundo hadi iwe sawa na ukuta, kisha weka skrubu nyuma yake na uigonge tena taratibu mpaka plagi yote ivuke lipu na kuingia kwenye tofali. Hatua hii ndogo karibu hakuna anayeifanya. Plagi iliyobaki kwenye lipu ikifunguka huisukuma lipu ibanduke kutoka kwenye ukuta.

Rudisha kabati, linganisha matundu, kaza skrubu kwa mkono. Mizunguko ya mwisho inapaswa kuwa migumu. Ikizunguka tu bila kukaza, tundu limepanuka au tofali ni bovu: lizibe kwa udongo wa saruji, toboa pengine. Kujaza njiti za kiberiti si suluhisho kwa kitu kitakachomlinda mtoto, wala kigingi cha mbao chenye msumari wa zege. Mbao hukauka na kusinyaa, na msumari unatoka kwa njia ileile ulioingilia.

Kulijaribu

Kabla ya kurudisha kitabu hata kimoja, mtu mmoja asimame ubavuni tayari kulidaka, wewe shika ukingo wa juu na uvute kuja kwako, polepole kisha kwa nguvu. Macho yako yawe kwenye engo. Ukiona ufa wa nywele unazunguka skrubu ukutani, au ubao wa paa unainuka, hujamaliza. Ukisikia kimya na huoni nafasi ikifunguka kati ya kabati na ukuta, rudisha vitabu: kamusi, ensaiklopidia na mafaili chini, vyepesi juu. Juu ya paa la kabati pasiwe na toi, chaja, wala chochote mtoto anachokipenda. Rafu hazipaswi kuwa ngazi yenye zawadi mwishoni.

Bukoba hawahitaji kuelezwa faida nyingine ya kazi hii. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, lilitikisa kila kilichosimama.

Kwa mpangaji

Mwombe mwenye nyumba kwanza, kwa ujumbe wa maandishi ikiwezekana. Mweleze ni matundu mawili au manne nyuma ya kabati, na utayaziba ukihama. Wengi hukubali wakisikia ni kwa ajili ya mtoto. Siku ya kuhama ng'oa plagi kwa skrubu na koleo, ziba kwa udongo wa saruji, pitisha skimu, piga rangi. Akikataa kabisa, njia iliyobaki ni kabati fupi: likate vipande viwili uvisimamishe bega kwa bega, hakuna kinachozidi kiuno cha mtu mzima. Kubana kabati kwa sofa mbele yake hakusaidii. Sofa ni ngazi nyingine.

Baadaye

Kagua mara mbili kwa mwaka. Jaribu kukaza skrubu, angalia kutu, na upapase mgongo wa kabati chini kwenye sakafu. Mchwa huanza pale, gizani, na huweza kula ubavu mzima ukabaki rangi tu. Engo itakuwa imeshika ganda. Ukiwa umeazima drili tayari, usiirudishe kabla ya kutazama vingine: kabati la nguo la droo, kabati la vyombo, na hasa televisheni iliyosimama juu ya meza nyembamba. Televisheni kwa nyuma ina matundu yenye nyuzi za bolti. Chuma chembamba au mkanda imara kutoka hapo hadi ukutani unatosha, na ukuta unatobolewa kwa utaratibu uleule.